Sura ya Tisa: Treni ya Stima

Isiolo haina reli. Ina ramani ya reli, ina mikutano ya reli, ina vigingi vya reli ambavyo mbuzi hujikunia migongo, na huko Wabera ina Salad Reli, mwenye duka la mabati na kufuli na lori moja la maji. Ndiye mtu pekee katika kaunti nzima anayeweza kusafiri siku mbili akasimame kando ya njia ya treni, aitazame ikipita, kisha arudi nyumbani na furaha ya mtu aliyetoka kuoa.

Inspekta Akidor alifika dukani kwake Alhamisi saa tatu asubuhi akiwa bado na ile harufu puani.

Alikuwa ametoka kisimani Burat. Watu wa afya walikuwa wametoa gunia la tatu, na la tatu ndilo lililopasuka. Utumbo wa ng'ombe wa siku nyingi, umelainika ukawa uji. Ngozi mbichi, kwato bado ziko. Na juu ya yote povu jeupe la dawa ya kupe, ile ya kunyunyizia mifugo. Koplo Kirigia, dereva wake, mtu wa Meru mwenye tumbo la kuaminika, alitapika mara mbili nyuma ya gari. Mara ya pili alisema ilikuwa ya hiari.

"Madam, mimi nyama nimeacha," alisema wakiegesha mbele ya duka.

"Mpaka lini?"

"Mpaka Jumapili."

Akidor hakucheka. Kawaida angecheka. Jumatatu alfajiri, bibi mmoja wa Burat, Fosia, ambaye watu wote walimwita akko, yaani nyanya, aliteka maji ya kwanza pale kisimani. Ndiyo desturi, mkongwe huteka wa kwanza. Akapika chai ya tangawizi na iliki, akawapa majirani. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa, na watu kumi na mmoja wako kwa vitanda hospitali wakitoa povu. Kisima kina mfuniko wa chuma na kufuli. Kufuli haikuvunjwa. Funguo zake mbili zilipatikana kwa shingo ya mtu mmoja, Mamo, ambaye ndiye abba herega, msimamizi wa zamu za kisima, anayesema nani anywe na nani angoje. Mamo akashikwa siku hiyo hiyo. Korti ikapeana siku mbili za kuchunguza, na siku mbili zilikuwa zinaisha leo saa nane mchana. Hapo atasomewa shtaka la kuua, apelekwe rumande.

"Akidor," OCS, mkuu wa kituo, alikuwa amemwambia asubuhi akipuliza chai, "niletee mtu mwingine kabla ya saa nane, au uniletee amani."

Nje ya duka la Salad kulikuwa na msururu wa mitungi ya manjano hadi barabarani. Lori lake la maji lilikuwa linajaza mtungi mmoja mmoja, na akina mama wakimwombea dua kila bomba linapogeuzwa. Kisima kikiwa kimefungwa, Burat yote na nusu ya Wabera walikuwa wanakunywa kutoka kwa lori hilo. Siku mbili za kwanza kijana wa lori aliyagawa bure. Leo si ya bure tena.

"Aleikum salaam, madam inspekta!" Salad aliitikia salamu kabla hajapewa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, ndevu zimepakwa hina, tabasamu pana. "Karibu. Keti hapo, si hapo, hiyo kiti ina msumari. Mnaendelea aje na ile maneno ya shemeji yangu?"

"Mamo ni shemeji yako?"

"Ameoa dada yangu Deeqa. Ai, hii dunia. Nimemtafutia wakili hata hivyo. Damu ni damu."

Akidor alitoa kufuli kutoka kwa mfuko wa plastiki. "Hii ulitoa wewe?"

"Mimi. Sadaka ya Ramadhani. Kufuli na mfuniko. Nilimpa Mamo mbele ya watu, na funguo zake mbili."

Nyuma ya kichwa cha Salad, kwa ukuta, zilining'inia kufuli za aina ile ile kama samaki sokoni, kila moja imefungwa kwa kadi yake. Akidor alinyanyuka, akaichukua moja, akahesabu kwa kidole.

"Hii iko na funguo tatu."

"Hiyo? Ah." Salad alisogeza kofia. "Kiwanda chao wanakosea sana. Zingine mbili, zingine tatu."

Akidor alichukua ya pili, ya tatu, ya nne. Zote tatu.

"Basi leo wamekosea upande mmoja tu," akasema.

"Madam." Tabasamu la Salad halikuondoka, lilikaa tu kama mgeni asiyejua kuaga. "Naona unakoelekea, na wala sikasiriki, ni kazi. Lakini hiyo maneno ilifanyika usiku wa Jumapili. Mimi Ijumaa niliondoka hapa. Jumapili nilikuwa Morogoro, Tanzania. Nimerudi jana Jumatano. Njoo nikuonyeshe."

Akampeleka ukuta wa ndani. Ulikuwa umejaa picha. Salad Voi. Salad Miritini. Salad akipungia treni ya mizigo huko Emali, na treni haikuonekana kujali. Katikati, ndani ya fremu mpya, picha kubwa: Salad amesimama nje ya ua wa waya, amenyoosha mgongo kama askari, na nyuma yake, kwa tuta, treni ndefu yenye mabehewa ya abiria.

"Treni ya stima," akasema, na sauti yake ikabadilika. Ikawa ya mtu anayeingia msikitini. "Angalia hapo juu ya injini. Iko na mkono unashika waya. Huo ndio unakunywa stima. Hakuna moshi. Hakuna dizeli. Mimi nimesikia treni miaka thelathini, madam, treni inakuja unaisikia kwa meno kabla ya masikio. Hii? Tulikuwa tumesimama, njiwa wamekaa kwa waya, tunaongea. Halafu njiwa wakaruka. Ni hivyo tu. Njiwa wakaruka, nikageuka, na ilikuwa imefika. Ilinipita ikisema ssss, kama mtu anakunyamazisha. Nilihesabu mabehewa nikapoteza hesabu, nikaona mtoto kwa dirisha anakula ndizi, na ikaenda. Nililia. Usiandike hiyo."

"Sijaandika."

"Mtu wa Isiolo anaambiwa reli inakuja tangu azaliwe. Unaelewa?"

Akidor alielewa, na hicho ndicho kilichomsumbua. Mtu huyu hakuwa anabuni njiwa.

"Picha ilipigwa na nani? Na simu gani?"

"Na mwenyeji wangu, Kibwana Mkude, kwa simu yake, akaichapisha huko huko. Yangu niliacha hapa dukani, huko nje inakula salio kama panya."

"Ulivuka mpaka wapi?"

"Namanga. Na karatasi ya muda, si pasipoti. Ile karatasi, wallahi, ilipotea kwa basi. Lakini niko na barua."

Barua ilikuwa imechapwa vizuri, imekunjwa mara mbili, na sahihi ya wino wa bluu. Akidor aliisoma amesimama.

*Mimi Kibwana Mkude wa Kihonda, Morogoro, nathibitisha ya kwamba Bw. Salad kutoka Isiolo alikuwa mgeni wangu tangu Jumamosi hadi leo Jumanne. Siku ya Jumapili tulisimama pamoja kando ya reli tukaona treni mpya ya stima ikivuta mabehewa ya abiria. Ni mtu mwaminifu.*

"Mimi huenda kwa shangazi yangu Lodwar kila Krismasi," Akidor akasema. "Sijawahi kurudi na barua ya kusema nilifika."

"Hiyo ni ya kamati ya reli ya Isiolo. Wanasema mimi huwaongopea. Nikasema, safari hii nakuja na ushahidi." Akacheka. "Kumbe Mungu alijua itasaidia pengine."

Akidor akapiga picha ya fremu na ya barua kwa simu yake. Nje, mama mmoja alikuwa ameinua mikono akimwombea Salad maisha marefu. Kirigia alimwangalia yule mama, akaangalia maji, akatema mate pembeni kwa heshima.

*

Kwa lango la kituo, Deeqa alikuwa ameketi juu ya jiwe lile lile alilokalia tangu Jumatatu, shela yake nyeusi imekuwa ya vumbi. Alisimama alipoona gari.

"Afande, saa nane iko karibu?"

"Ni saa tano kasoro, mama."

"Abbowe Salad, kaka yangu mkubwa, amesema wakili anakuja. Hajalala. Ameniletea hata maji jana usiku alipofika kutoka safari."

"Alikuambia alitoka wapi?"

"Tanzania. Kwa treni zake." Deeqa alijaribu kutabasamu. "Kila mtu na ugonjwa wake."

Ndani, Akidor alimtoa Mamo kwa seli. Alikuwa mtu mrefu mkavu, na pale shingoni ambapo funguo zilikuwa zikining'inia miaka miwili sasa kulikuwa na alama nyeupe. Kwa bega la shati lake kulikuwa na mate yaliyokauka. Wazee wa Burat walikuja kumtembelea Jumanne. Hiyo ndiyo salamu waliyomwachia, na hakuifuta.

"Tena kutoka mwanzo," Akidor akasema.

"Nilifungua kufuli. Akko Fosia akateka. Mimi nikaenda kuswali."

"Hukusikia harufu?"

"Nilisikia." Mamo aliinua macho. "Afande, sasa hivi huko Burat kila mahali ni harufu. Ng'ombe wanne wamekufa kwa jirani yangu, wamelala hapo hapo. Nilidhani ni mzoga. Na akko pua yake ilikufa zamani, tangu ile corona. Alikuwa anatuchekesha nayo, anasema sasa anaweza kukaa na mume wa mtu yeyote."

"Funguo zako ziliwahi kutoka kwa shingo?"

"Hata nikioga."

"Nani mwingine ana funguo?"

"Hakuna. Ziko mbili."

"Nani alikuambia ziko mbili?"

Mamo akageuza uso ukutani. Hakuwa mtu wa kutaja jina la shemeji yake kituoni bure.

Akidor aliingia ofisini, akafunga mlango kwa teke. Kirigia alikuwa na simu mkononi.

"Namanga wanasema kutafuta karatasi za muda ni siku nne, madam. Mpaka Jumatatu."

"Jumatatu Mamo atakuwa rumande akifundishwa kuimba." Akaketi. "Niko na mtu Morogoro. Tulikuwa kozi Moshi, wiki tatu, chumba kimoja. Alikuwa anakoroma kwa adabu."

Sajenti Mwanaidi alishika simu kwa mlio wa kwanza.

"Haloo, dada'ngu Akidor! Za masiku? Hujambo? Watoto hawajambo? Huko Kenya mnakula?"

"Tunakula tukitapika. Mwanaidi, nimekutumia picha. Iangalie, uniambie kama hapo ni kwenu."

Sauti ya kikombe kikiwekwa mezani ikasikika.

"Naam. Ni hapahapa. Ule mlima nyuma ndio Uluguru wenyewe. Na hiki ni kichwa cha umeme, yale ni mabehewa ya abiria. Huyu mzee mwenye ndevu nyekundu ndiye nani? Kapendeza."

"Picha ni ya kweli?"

"Ya kweli kabisa. Lini, sijui. Treni inapita kila siku, picha haina tarehe."

Akidor akakuna kipaji cha uso. Picha ni ya kweli, mtu alifika, njiwa waliruka. Kirigia, aliyekuwa anasikiliza, akashusha mabega.

"Basi nisikilizie na barua," Akidor akasema, ili tu asiwe amekata simu bila kumaliza. Akasoma. Alipofika katikati, Mwanaidi alimkatiza.

"Hebu rudia hapo. Treni mpya ya nini?"

"Ya stima."

"Ya mvuke? Zile za kutupia makaa? Mpya?"

"Hapana, ya stima. Stima, stima. Ya…" Akidor akatafuta neno, akalipata kama mtu anayetoa sahani ya wageni kabatini. "Ya umeme."

"Sasa kama ni umeme mbona asiseme umeme?" Mwanaidi alikuwa anacheka. "Dada, stima kwetu ni meli. Meli ile ya babu, inayotoa moshi. Ndiyo maana siku ile ya kwanza Moshi uliponiambia 'stima imepotea' nilikuuliza imezama wapi. Umesahau? Bwana Mkude, Mluguru wa Kihonda, aite umeme stima? Hata umchape viboko. Hiyo barua kaandika Mkenya."

Akidor aliweka simu mezani polepole sana. Akamwangalia Kirigia.

"Kirigia, hiyo taa hapo juu inawashwa na nini?"

Kirigia akainua uso. "Stima."

"Na wewe umesoma hiyo barua?"

"Mara mbili."

"Na mimi mara tatu. Hata mmoja wetu hakuona." Alikuwa ameshasimama. "Ni saa tano na robo. Mji huu una saiba ngapi za kuchapa barua?"

"Nne. Lakini mbili zinachapa vibaya, na ile barua ni safi."

*

Ya kwanza hawakumjua Salad. Ya pili ilikuwa ya Rita, karibu na soko, chumba chembamba chenye kompyuta tatu na kalenda ya mwaka juzi. Rita alikuwa ameketi mlangoni akijipepea na bahasha. Giza ndani.

"Stima imeenda," akasema kabla hawajauliza.

Kirigia akakohoa. Akidor alimwekea barua mapajani.

"Hii ulichapa wewe?"

Rita hakuhitaji hata kuishika. "Si ya Salad Reli? Ni mimi. Alisimama hapo nyuma yangu ananisomea, mimi naandika. Alitaka 'Ni mtu mwaminifu' iwe na herufi kubwa zote, nikamwambia hiyo itaonekana kama tangazo la dawa ya meno."

"Lini?"

"Jumanne. Alasiri hivi. Nakumbuka kwa sababu alivaa kofia ya baiskeli na barakoa. Nikamwambia, mzee, ndevu zinatokea chini."

"Jumanne una hakika?"

"Madam, ndani ya mashine kutakuwa na siku na saa."

"Aliiacha humo?"

"Aliniambia nifute." Rita alivuta mdomo. "Mimi sifuti kitu cha mtu. Hapa mtu anakuambia futa hiyo CV, kesho anarudi akilia. Nikasema sawa nimefuta, akaenda."

Sasa ilikuwa kungoja stima. Saa tano na nusu. Saa sita. Muuza miraa wa jirani alisema transfoma imelipuka. Muuza viazi alisema ni ndege amegusa waya. Kirigia alitembea hadi kona na kurudi, na kila akirudi alikuwa amejifunza sababu mpya. Akidor alikaa kwa kiti cha wateja ameangalia kioo cheusi cha kompyuta, na katika kioo aliuona uso wake, na mkunjo wa midomo ya mtu anayeshika pumzi. Kwa kiganja cha mkono wake bado alisikia lile gunia.

Saa sita na dakika arobaini feni ilitikisika juu ya vichwa vyao, na mtaa mzima ukapiga kelele kama umefunga bao.

Rita akafungua. Faili ilikuwa inaitwa BARUA YA SALAD. Iliandikwa Jumanne, saa tisa na dakika kumi na nne alasiri. Isiolo.

"Chapisha hiyo kurasa yote, na siku na saa ionekane," Akidor akasema. "Na uweke sahihi yako hapo chini. Na asante, Rita. Usifute kitu maisha yako yote."

*

Hawakumfuata Salad. Walimpigia. Aje tu kusaini karatasi ya kufuli, dakika tano.

Alikuja na lori, Deeqa akiwa ameondoka langoni kwenda kuswali adhuhuri. Alilirudisha nyuma hadi kwa tangi la kituo, akashuka na bomba begani, uso umejaa wema.

"Nimeona tangi yenu iko tupu, madam. Hii ni sadaka."

"Shusha hilo bomba," Akidor akasema.

"Ni maji safi, wallahi."

"Najua ni safi. Hayo ndiyo nashindwa kumeza. Kirigia, chukua funguo za lori."

Kirigia alizinyaka kutoka mkononi mwake kabla Salad hajaelewa. Zilikuwa saba kwa pete moja. Ya lori, ya duka, za nyumba. Na moja ndogo ya shaba, kichwa chake kimeandikwa jina la kiwanda kile kinachokosea. Akidor aliweka kufuli ya kisima juu ya boneti. Kirigia akaingiza ule ufunguo mdogo, akageuza. Kufuli ilifunguka bila ubishi, kama mlango wa mtu anayekungoja.

Salad aliangalia kufuli ikiwa wazi. "Hiyo… zinafanana tu. Kufuli za siku hizi zinafunguliana."

"Na Jumanne saa tisa alasiri ulikuwa Kihonda."

"Kwa Mkude."

"Kwa Rita." Akamwonyesha karatasi. "Ulichapa barua Isiolo, siku ambayo uko Tanzania. Na Mkude wako anaongea Kiswahili cha Wabera. Morogoro hawana stima, Salad. Wana umeme."

Bomba lilidondosha maji kwa viatu vya Salad. Kisha akafanya kitu ambacho Akidor hakukitarajia. Alitabasamu tena, kidogo, kama mfanyabiashara anayekubali bei.

"Nilienda kweli," akasema. "Ile treni niliiona kweli. Mwezi jana. Hiyo usiseme niliongopa."

"Sisemi."

"Na sikutaka mtu afe. Nilitaka tu kisima kinuke. Kikinuka, nani atakunywa? Watu wangeenda kwa lori, mwezi mmoja, miwili, mvua ije. Hiyo ni biashara. Ni nani alijua huyo bibi hana pua?"

"Na dawa ya kupe?"

Akaangalia chini, na kwa mara ya kwanza alionekana kuona aibu.

"Magunia yalikaa kwa lori siku mbili. Yakaingia funza. Mimi funza siwezi, madam. Nikiona funza siwezi kula. Nikanyunyizia dawa ziishe."

Kirigia aligeuka akaangalia ukuta. Akidor alichukua kufuli kutoka kwa boneti. Akairudisha kwa mfuko wa plastiki. Mtu alikuwa amekufa, na kumi na mmoja wanatoa povu, kwa sababu Salad hapendi kuona funza.

"Na shemeji yako? Ulijua kila mtu anaamini funguo ni mbili, na ziko kwa shingo yake."

"Ningemtafutia wakili," Salad akasema. "Mzuri. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia."

"Mwingize ndani," Akidor akamwambia Kirigia. "Mlango wa nyuma. Na simu yake nipe mimi, nitaiandika kwa kitabu. Usimguse zaidi ya lazima, tutakosa sabuni."

Saa saba na dakika ishirini alikuwa mbele ya OCS na karatasi ya Rita, kufuli na ufunguo wa tatu. OCS alisoma, akainuka, akafunga dirisha linaloangalia lile lori, kisha akampigia mwendesha mashtaka.

*

Mamo alisikiliza ameketi kwa benchi ya seli. Akidor alimwambia yote kwa mpangilio, jinsi anavyoandika ripoti, bila kurembesha. Ufunguo wa tatu. Magunia. Dawa. Jina.

Mamo alinyoosha mkono akagusa ile alama nyeupe ya shingo.

"Uko huru," Akidor akasema. "Viatu vyako viko kwa kaunta."

"Deeqa anajua?"

"Bado."

Mamo alijaribu kusimama, akaketi tena. "Afande, rudisha mlango kidogo. Usifunge. Rudisha tu."

"Unaogopa wale wazee?"

"Wazee ni wazee. Watakuja, wataomba msamaha, tutachinja mbuzi." Alikuwa anaangalia sakafu. "Huyo mwanamke alilelewa na Salad. Baba yao alikufa Garbatulla, Deeqa akiwa na miaka minne. Salad ndiye alimbeba mgongoni mpaka hapa Isiolo. Nitatoka hapa nimwambie nini? Kwamba nimerudi?"

Akidor alishika nguzo ya mlango. Katika miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa amewatoa watu wengi kwa seli ile, na wote walikimbia.

"Nitamwambia mimi," akasema. "Vaa viatu. Polepole."

Nje jua lilikuwa limesimama wima. Deeqa aliinuka kutoka kwa jiwe, macho yake kwanza kwa mkono wa Inspekta, kama atakuta pingu.

"Wanampeleka?"

"Hapana. Hapelekwi mahali. Ametoka, mama. Hana kesi. Yuko ndani anavaa viatu."

Deeqa alijifunika uso kwa shela. Mabega yalitikisika, mara mbili, tatu, kisha akafunua na alikuwa anacheka na machozi yote yako pale.

"Alhamdulillahi. Alhamdulillahi! Nilijua. Ngoja." Alikuwa anapapasa ndani ya nguo, anatafuta simu. "Ngoja nimwambie abbowe kwanza. Yeye ndiye amehangaika."

"Deeqa, ngoja kidogo. Kuna jambo nataka…"

"Dakika moja tu, afande. Asikie kutoka kwangu."

Alikuwa ameshabonyeza. Aliweka simu sikioni, akamtazama Akidor akitabasamu, akingoja.

Ndani ya mfuko wa koti la Inspekta Akidor, treni ilipiga honi. Honi ndefu, ya kweli, iliyorekodiwa na mtu aliyesimama karibu sana na reli. Ikapiga tena.

Akidor hakuitoa. Hakuizima. Deeqa aliangalia simu yake, akaangalia ule mfuko, akaangalia lori la maji lililokuwa limeegeshwa ndani ya ua bila dereva. Mkono wake ulishuka kutoka sikioni kidogo kidogo.

Hakukata. Aliiacha ilie.